Kipimo cha Dawa ya Salma

Mjukuu wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Huku Jadida hatujambo. Mama yako karudi salama kutoka Shumba, na karafuu zinaanikwa.

Unauliza kama ukubali kuhariri jarida la madaktari, nawe ni daktari tu, kazi hiyo hukufundishwa wala hutalipwa. Nikwambie ya mwanangu wa kwanza, Salma, kabla ya Mapinduzi. Alishikwa na homa ndiyo kwanza anajifunza kutambaa. Daktari akampa dawa kwa kipimo alichokisoma katika jarida la ng'ambo. Tulimzika kesho yake.

Baadaye daktari alikuja nyumbani na toleo jipya, akatufasiria: kipimo kile kilichapwa kimakosa.

Babu yako akamuuliza, "Hakuna aliyekisoma kabla?"

"Yupo mhariri, bwana. Ni daktari kama mimi. Kazi ile hakufundishwa, huifanya akishamaliza wagonjwa wake."

"Basi alikuwa kachoka," babu yako akasema.

Mimi kumsamehe mhariri yule kulinichukua miaka.

Kubali ukipenda, lakini waambie wakufundishe kwanza. Na siku ukichoka, lifunge ulale. Bora jarida lichelewe.

Mola akuhifadhi huko uliko.

Bibi yako, Raya