Mwisho wa Filamu Nilioutunga Mimi

Tunduma, Jumapili jioni, Agosti.

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye droo ya cherehani. Baridi bado ipo. Nimejifunga khanga mbili na macho yananiwasha kwa usingizi, maana jana nilikuwa kwenye video tena, na safari hii sikuifurahia.

Daftari, wewe huna wa kumwambia, kwa hiyo sikiliza.

Nimemdanganya mtu mzima.

Hapa mtaani Chapwa wananiita Ester Video. Ufundi wangu wa kushona wanaukumbuka baadaye. Kila Jumamosi baada ya sala ya isha, Mzee Salum, yule mtu wa Tanga mwenye malori, huwasha jenereta uani kwake na kutoa televisheni aliyoinunua Zambia. Kila mtu huja na kigoda chake. Wengi ni madereva wa malori na mataniboi wao. Wanawake tuko wachache, na mimi sijawahi kukosa. Nikitoka huko saa saba za usiku silali, naipiga tena filamu kichwani mpaka majogoo. Ndiyo maana mwezi uliopita shati la katekista nililishonea kola ikatazama chini. Alilivaa hivyo hivyo kanisani, Mungu ambariki.

Filamu nyingi ni za Kihindi, na Kihindi sijui hata neno la kuombea maji. Hakuna anayejua. Lakini wanawake wa mtaa wakikusanyika kupukuchua mahindi, huniita niwahadithie. Wao wanapukuchua, mimi nazungumza, mikono yangu imekaa kama ya bibi harusi. Nani kampenda nani, nani kamsaliti nani, najua kwa kutazama macho tu. Chumvi naongeza, sikatai. Ila mwisho wa filamu sikuwahi kuubuni mpaka majuma matatu yaliyopita.

Jumamosi ile ilikuwa filamu ya mama anayeuza bangili kwenye stesheni ya reli. Mwanawe alipanda treni kwenda kutafuta kazi, hakurudi. Kila treni ikiingia, mama anasimama na kapu lake, anatazama milango. Sisi watu wa Tunduma treni tunazijua, kwa hiyo ua mzima ulikuwa kimya. Ikaja treni ya mwisho. Ikasimama, milango ikaanza kufunguka, na jenereta ikakohoa, ikazimika.

Watu walipiga kelele. Mzee Salum akasema kutoka gizani, "Jamani, dizeli imekwisha, nami si kisima. Nendeni mkalale." Alfajiri yake dereva wa Kizambia mwenye ile kaseti akaondoka nayo.

Jumatatu kupukuchua kulikuwa kwa Mama Daudi, jirani yangu, nyumba zetu zinagawana ukuta. Daudi ni mwanawe wa pekee. Alikwenda kwenye migodi ya shaba kule Kitwe, akaandika barua moja, na huu ni mwaka wa tatu yuko kimya. Mama yake hamtaji. Nami kwa ujinga wangu nikaanza kuhadithia filamu ile ile, palepale uani kwake. Nilipofika kwenye treni ya mwisho nikaona ameacha kupukuchua. Hindi limelala mapajani, ananitazama mdomoni.

"Enhe, akashuka?" akauliza.

Ningesema dizeli iliisha. Ni maneno mawili tu. Nikasema, "Akashuka. Amekonda, ana sanduku la mbao begani, na mama yake akamtambua kwa mwendo kabla hajamwona uso."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Daudi hakupiga. Alifuta macho kwa pindo la khanga, akaendelea na hindi lake.

Kesho yake nikaona blanketi la Daudi limeanikwa kambani. Alilifua kwa kipande cha sabuni alichokificha tangu Pasaka, na sabuni siku hizi unajua ilivyo adimu, watu wanafulia majani ya mpapai. Kisha akaanza kwenda stesheni kila siku ya treni ya kutoka Zambia, amebeba viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa. Jioni anarudi na viazi vyake. Mara mbili alinigawia. Nilivila, daftari, na nikamshukuru.

Nilitaka kumwambia. Kila nikifungua mdomo naliona lile blanketi.

Jana ndipo maji yalipozidi unga. Dereva amerudi na kaseti, na Mzee Salum akatangaza kuwa filamu itaoneshwa yote, sasa ana pipa zima la dizeli. Jua lilipozama, Mama Daudi akasimama mlangoni kwangu amevaa kitenge chake cha kanisani, kigoda mkononi. Hajawahi kukanyaga kwenye video. Siku zote husema ni mambo ya vijana na walevi.

"Twende, mwanangu. Na mimi nikamwone akishuka."

Njiani nilimwambia baridi ni kali. Nilimwambia picha zinarukaruka, zitamuumiza macho. Yote niliyasema isipokuwa lile lenyewe. Mwisho nikaanza kuomba kimoyomoyo filamu iishe kama nilivyohadithia. Mtu na akili zangu, namwomba Mungu abadilishe kaseti!

Tulikaa mbele kabisa. Alinishika mkono tangu treni ya kwanza. Treni ya mwisho ikaingia, milango ikafunguka, abiria wakashuka mmoja mmoja mpaka stesheni ikabaki tupu.

Hakushuka.

Mkono wa Mama Daudi ukauachia wangu. Nilitamani ardhi inimeze na kigoda changu. Lakini filamu ilikuwa bado. Yule mama alisimama kitambo, akamkabidhi mpiga kengele wa stesheni kapu lake la bangili, akapanda treni ile ile. Ikaondoka naye. Maandishi yakaanza kupita.

Tulirudi, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni kwake nilipiga magoti nikamweleza yote, jenereta na dizeli na mdomo wangu.

"Nenda ukalale, Ester," akasema, akafunga mlango.

Nililia mpaka mto ukalowa.

Leo kanisani sikwenda, niliona haya kukaa naye benchi moja. Mchana nikasikia hodi. Ni yeye. Akakaa juu ya mfuko wangu wa vitambaa, akakataa chai.

"Ulinidanganya, mwanangu. Tena mchana kweupe, mbele za watu."

"Nisamehe, mama."

"Majuma matatu nimelala vizuri, hilo nalo niliseme. Ila kulala kwangu hakumleti Daudi." Akawa anaviringisha uzi wangu kidoleni. "Yule mama wa kwenye filamu yenyewe hakuendelea kungoja. Mimi nimengoja miaka mitatu, na miguu ninayo."

Kumbe asubuhi, kabla ya ibada, amepita kwa balozi wa nyumba kumi na ameandikiwa barua ya safari. Ile barua ya Daudi anayo, na jina la mtaa aliokuwa akikaa limo. Jumanne atapanda treni hadi Kapiri Mposhi, kutoka hapo atauliza basi la Kitwe. Kibemba anacho cha sokoni. Kiingereza hana kabisa.

"Wewe una Kiingereza chako cha darasa la saba," akaniambia, "na mdomo ndiyo huo. Twende ukautumie kwa jambo la maana."

Mimi sijawahi kupita Nakonde, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Nina sare tisa za shule hazijatiwa vifungo. Na naogopa, daftari, wacha niseme. Huenda Daudi kaoa huko, huenda kahama, huenda na lile jingine ambalo sitaki kuliandika. Nikamuuliza tukifika tusimkute itakuwaje.

"Tutarudi. Treni si inarudi?"

Alisema kama mtu anayekwenda hapo jirani, soko la Ruanda, kununua mbegu. Mgongo wake leo umenyooka, sikuwahi kuuona hivyo. Nikakubali kabla hajamaliza kuinuka, na tangu hapo kifua changu ni chepesi. Kupitia dirishani naliona blanketi limekunjwa kwenye kapu lake uani kwake, na viazi vibichi pembeni vinangoja kuchemshwa kesho usiku.

Jumamosi kigoda changu hakitakuwepo kwa Mzee Salum. Nasikia ni filamu ya ngumi, mpya kabisa, haijawahi kuonekana huku. Na iende. Usiku huu natia vifungo, kesho nagawa sare, na nitamwomba katekista atuombee, kama kola haijamuudhi.

Wanawake wa kupukuchua watataka kujua ilikuwaje huko Kitwe. Nikirudi nitawahadithia nilichokiona kwa macho yangu, nitaishia palepale kilipoishia, na nikiwa nawahadithia nitapukuchua na mimi.