Samli ya Tatu na Mafuta Yangu ya Ufuta

Baba Zuhura,

Mungu akupe nuru huko uliko. Eda imekwisha wiki iliyopita. Nimeoga, nimevaa kanga ya rangi, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba Tatu, mkeo mdogo, naye amevaa yake. Hata kukulilia nimegawana naye.

Unakumbuka tulipokwenda Dar kwa daktari, kifua kilipokuwa kinakubana kila ukibeba gunia la mbata? Alituambia samli na tui zito, vikizidi, vinaongeza mafuta katika damu, na mafuta hayo huziba mishipa ya moyo taratibu. Akasema nikupikie kwa mafuta ya mbegu, kama ufuta, yale yasiyoganda hata asubuhi ya baridi, tena kidogo. Na sigara uache. Ulicheka. "Mimi mtu wa nazi, leo niogope nazi?"

Nilitii. Zamu yangu ulikuwa unasukuma sahani: "Mama Zuhura, huu si wali, ni dawa." Zamu ya Tatu ikiisha unarudi ndevu zinanukia samli, unaimba. Nilizichukia ndevu zile.

Sasa nikuambie nililokuficha. Tatu hakujua alichosema daktari. Wewe hukumwambia kwa kuipenda samli yake. Mimi sikumwambia kwa wivu. Nilitaka afya yako itoke jikoni kwangu peke yangu. Nilitaka ukiugua, uugulie kwake, watu waone nani anayejua kukutunza. Sikutaka ufe. Wallahi, sikutaka ufe.

Ukaangukia kwake. Aliyekushika mkono mwishoni ni yeye. Hilo linaniunguza mpaka leo.

Juzi alikuja, akaniamkia, akaketi mkekani. "Dada, daktari alisema nini hasa?"

Nikamwambia yote. Akasema, "Ungeniambia, samli ile ningeimwaga mbele yako."

Nikajitetea kwamba si samli peke yake, kuna sigara, kuna umri, na siku ya mtu kufa anaijua Mungu. Akanijibu, "Lakini ulikuwa unajua." Akaondoka. Afadhali angenitukana.

Nikadhani ndiyo basi. Jana amerudi, mwanao mdogo mgongoni. Kasema mama yake mzazi naye kifua kinambana, nimfundishe kupika kwa ufuta. Nimemwonyesha, nikampa na chupa yangu. Jioni kaniletea bakuli la mchuzi. Nimeonja. Baba Zuhura, mafuta yale yale, na wake mtamu kuliko wangu! Kakaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia, kakamulia ndimu, basi. Nimelia jikoni, sijui kwa wivu au kwa kukukumbuka. Mchuzi ule ungeula mpaka ukalamba vidole, usijue kama samli haimo. Ilibaki mimi tu nifungue mdomo.

Nisamehe. Nami nimekusamehe kwa kurudi kutoka kwake unaimba.

Siahidi kwamba nitampenda. Moyo wangu unaujua. Ila nakuahidi hili: neno lolote la uzima wa watoto wako, wa kwangu na wa kwake, likinifikia mimi kwanza, nitakwenda kumwambia kabla sijavua viatu.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo mkubwa,
Mama Zuhura