Wanataka Nimuage Mtu Anayetembea kwa Miguu ya Marehemu Mume Wangu

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nimekasirika hadi siwezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, na kushona ndiyo kazi yangu. Ninashona mavazi ya kundi la michezo ya kuigiza, na mara nyingine napanda jukwaani mwenyewe kucheza mama mwenye nyumba. Mume wangu alikuwa mwigizaji wa kundi hilohilo. Alicheza bawabu mzee kwa muda mrefu hata sokoni watu wakawa wanamwita Bawabu. Alifariki mwaka jana tukiwa katikati ya maonyesho, na machozi yangu hayajakauka koti lake likapunguzwa mikono, aliyelipunguza ni mimi, likavaliwa na mwenzetu tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Sikumwonea kijicho. Chiriku alikuwa mtu wa nyumbani kwetu, mpaka leo ananiita shemeji, na mume wangu alipokuwa mgonjwa alikuja kukaa naye mchana kutwa. Lakini hakuchukua koti peke yake, alichukua na mtu aliyekuwa ndani yake. Mume wangu kabla ya kukaa alikuwa anainua suruali kwenye goti la kushoto kwa vidole viwili, kwa sababu aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi akifunga taa za jukwaa, na kovu lile halikutaka kuguswa na kitambaa, na tangu hapo alikuwa anaburuta kisigino. Na kikombe chochote alikipuliza kwanza, hata cha maji baridi, kwa kuwa tulipooana tu nilimpa chai ikamuunguza ulimi. Binti yetu akimwambia, "Baba, hayo si maji tu?" anajibu, "Mama yako simwamini." Mambo madogo, mshauri, lakini ndiyo niliyobaki nayo.

Sasa hayo yote Chiriku anayafanya jukwaani, goti na kikombe na ule mwendo wa kuburuta kisigino, na watu wanavunjika mbavu. Alipohojiwa redioni, mtangazaji akamuuliza ule mwendo aliutoa wapi, naye akasema, "Nilikaa tu nikafikiri, nikaubuni." Nilikuwa jikoni, nikaizima redio, nikaiwasha tena nikidhani ataongeza neno. Hakuongeza. Na kwa mwendo huohuo kundi jingine kubwa limemwona na kumchukua, anaondoka wiki ijayo.

Kundi letu lina kawaida yake. Mtu akiondoka tunamfanyia sherehe, tunamkalisha kwenye kiti mbele, halafu kila mmoja anapita akimwigiza, anavyoongea, anavyosahau maneno, anavyopiga chafya. Tunaita kurudisha sura. Mume wangu hakurudishiwa yake. Niliomba, mwongozaji akaniambia, "Aliyekufa hana kiti cha kukaa, mama, tusilete simanzi jukwaani." Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Jumamosi ni zamu ya Chiriku, na mwongozaji ameamua kwamba mimi ndiye nifungue. "Hakuna anayemjua kama wewe, umemvalisha tangu mwanzo." Jana wakaanza kujipima. Msichana anayecheza bibi harusi akavaa koti, akainua suruali kwa vidole viwili, akapuliza kikombe kitupu, akachungulia ndani yake. Ukumbi mzima ukalia, kana kwamba hawakuwahi kumwona mume wangu, "Huyo huyo! Chiriku mtupu!" Naye Chiriku amekaa kwenye kiti chake anajipiga mapaja, "Jamani mtaniua! Shemeji, njoo na wewe, hebu tuone!" Nikasema nina pindo la kumalizia. Niliingia chumba cha mavazi nikaling'ata shati la mtu nisije nikapiga kelele.

Binti yangu ananiambia, "Mama, mwanike hapohapo mbele ya watu, mwizi haagwi kwa keki." Kaka yangu anasema niache, wafu hawana wivu. Mimi kuna siku natamani kulichana lile koti vipande, na kuna siku, nitakuambia wewe tu, nasimama nyuma ya pazia nafumba macho nasikiliza kile kisigino kikipita kwenye mbao, na nafsi yangu inatulia, na sijui Jumapili nitasikiliza nini. Nikikataa kufungua wataniona mchungu na mwenye wivu, na kundi hili ndilo jamaa niliobaki nao. Nikifungua nitakuwa nimesimama kumcheka mume wangu na kumpigia makofi mtu mwingine. Nifanye nini?

Mimi, Mke wa Bawabu

JIBU LA MSHAURI

Mama, pole sana. Na hasira yako ni halali, nakuambia hivyo mwanzo ili usiitafutie udhuru. Mtu akila kwa jasho la marehemu halafu akaulizwa mbele ya watu wote kimetoka wapi, akasema ni changu, huyo amekosa, awe anakuita shemeji au malkia. Na huyo mwongozaji wenu naye! Aliyekufa hana kiti? Kiti ni mbao nne na misumari. Alikosa moyo, akasingizia fanicha.

Sasa na wewe ukae nikuambie.

Umemvalisha Chiriku koti lile kila onyesho, umemfunga vifungo, uso kwa uso, na hujawahi kumwambia, "Goti hilo ni la mume wangu." Ulisubiri ajue mwenyewe kwamba inakuuma. Mama, yule ni chiriku, si mganga. Tena umeandika, na ukapita haraka, kwamba alikaa na mgonjwa mchana kutwa. Unadhani walikuwa wanahesabu mbu? Mimi sikuwepo, lakini sitashangaa nikisikia mwenye mwendo ndiye aliyemfundisha. Kama ni hivyo, hakuiba mwendo. Alificha mwalimu. Ni kosa, na ni kosa linalorekebishika kwa mdomo uleule uliolitenda.

Na hili la pazia. Wewe unachoogopa zaidi ni Jumapili. Mtu huyu alikuwa anakuletea kisigino cha mume wako kila jioni, sasa anakibeba anakwenda nacho, ndiyo maana shati la watu lina alama za meno. Lia kwa hilo bila aibu, lakini usimtoze Chiriku deni la kifo. Hakumuua yeye.

Ushauri wa binti yako nauheshimu kwa sababu anampenda baba yake, lakini usiufuate. Ukimwanika mtu katikati ya sherehe, watu watakumbuka ugomvi. Mume wako hawatamkumbuka. Wa kaka yako nao uache. Wafu hawana wivu, sawa, ila wajane wana masikio.

Fanya hivi. Kesho, mchana, mwite Chiriku nyumbani, binti yako awepo. Usimpe hotuba. Mweleze ngazi, mweleze kovu, mweleze chai. Halafu muulize: "Redioni ulisema uliubuni. Jumamosi utasema nini?" Kisha nyamaza wewe, safari hii anyamaze na yeye, afikiri kweli. Akikubali, yeye ndiye atakayesema kwanza kwenye sherehe, kabla ya mtu yeyote kuvaa koti, aseme kwa nani alijifunza. Akikataa, mwambie mwongozaji siku hiyohiyo kwamba hufungui, na umwambie kwa nini kwa sauti ya kawaida, asije akasema hakuambiwa. Atakayepungukiwa si wewe.

Akisema, basi wewe fungua. Na usimfungulie Chiriku kwanza. Mwigize Bawabu. Hakuna mkono mwingine duniani unaojua suruali ile iliinuliwa kwa vidole gani na kwa maumivu gani, hata huyo hodari wao. Wachekeshe, acha wacheke, alikuwa mchekeshaji, hataona haya. Watakapotulia, usiwalaumu wala usiwahubirie. Sema jina lake kamili, lile alilopewa na mama yake, maana hao wote wanamjua kwa cheo cha jukwaani tu. Halafu waambie: "Huyu ndiye mume wangu. Naombeni mumkumbuke."