Kisogo cha Kinyozi

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Kabla hata ya shikamoo, jua kwamba umezaliwa tumbo moja na mtu mwenye bahati kuliko wote. Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, wifi yako anakusalimu.

Nimepandikizwa nywele! Leo siku ya kumi. Wamekata ukanda wa ngozi kisogoni, wakashona, kisha wakachukua mizizi ya nywele zile wakaipanda mbele mmoja mmoja, kama mtu anayepanda miche ya vitunguu. Kinyozi mwenye upara, dada, ni fundi cherehani aliyechanika suruali. Wateja walikuwa wananitazama upara kwenye kioo. Sasa basi! Daktari mwenyewe alishika kiuno: "Ngozi inayopona hivi sijaiona tangu nianze kazi." Mche hata mmoja haujang'oka. Wengine huambiwa wapumzike wiki mbili. Mimi siku ya nane nilikuwa dukani, nikajichonga ukingo wa mbele kwa wembe, nikapunguza kisogo kwa mashine, nikawa nadhifu kama noti mpya. Bahati haifundishwi shuleni, ndiyo maana mimi wa darasa la sita ninayo.

Mdogo wako,
Kinyozi wa Wakubwa

9 Machi

Mdogo wangu Kichwa-ngumu,

Marahaba. Mgongo unauma na unafanya kazi. Nisalimie wifi.

Nilifurahi, halafu nikasoma mara ya pili nikaacha kufurahi. Nimefunga vidonda hospitalini miaka thelathini na moja, sijaona kidonda cha siku ya nane kinachodai wembe. Baada ya kujichonga ulipaka nini? Usiniambie spiriti. Na mashine ilipita juu ya nyuzi? Ilikuwa imetoka kwenye ndevu za nani?

Sikiliza. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili. Vigaga usivibandue, nyunyizia yale maji ya chumvi waliyokupa, vilainike vidondoke vyenyewe. Jua likae mbali, na mafuta ya dukani kwako yakae mbali zaidi. Kisha wifi akutazame kisogoni aniandikie rangi, joto, harufu. Yeye, si wewe. Wewe ulipochanika goti ulikuwa unabandua kigaga kila asubuhi, na mama akiuliza unasema limepona, huku soksi imeganda damu.

Dada yako

17 Machi

Shikamoo dada,

Sisi wazima kabisa, asilimia tisini. Wifi ana mafua, ndiyo maana kalamu ninayo mimi.

Spiriti nilipaka. Usinipigie kelele. Ukinyoa watu miaka ishirini, mkono wa kulia ukiweka wembe chini, wa kushoto tayari uko kwenye chupa. Akili hufika baadaye. Nilipiga yowe mteja akaruka kitini na povu lake shavuni. Vigaga vichache viliondoka na wembe, vichache tu, mfano wa punje za mtama. Na mashine, ndiyo, ilitoka kwenye ndevu za fundi bomba.

Kisogo kina joto kidogo, lakini dukani kwangu hata viti vina joto. Kwenye mto kuna alama ya manjano. Nadhani ni chai.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Hakuna mtu anayekunywa chai kwa kisogo. Barua hii nimempa dereva wa basi la leo. Mimi nakuja na la kesho. Usiguse kitu.

Dada yako

2 Mei

Shikamoo dada,

Mgongo umeisamehe safari? Nyumba imekuwa pana mno tangu uondoke. Wifi anasema hata sufuria zinakuuliza.

Mimi nimetembea, dada. Nimenyoa mabaharia, wapiga ngoma na jaji mmoja. Mikono kama yako sijaiona. Uliingia dukani hata salamu hukutoa. Ukanawa mpaka viwikoni, ukanikalisha kwenye kiti cha wateja, ukanifunga shingoni kitambaa changu mwenyewe. Mimi niliyezungusha vichwa vya watu miaka yote hii, kichwa changu kikazungushwa kwa vidole viwili. Usaha ulipotoka, fundi bomba aliyekuwa anasubiri zamu akatoka nje. Wewe hukukunja hata uso. Kisha ukanitanguliza kwa daktari kama ndama, ukamweleza kidonda kwa sentensi tatu, naye akakuita "mama" na akaandika dawa ileile uliyonitajia njiani.

Siku kumi na moja ulinisafisha. Nilingoja unicheke. Ulisema "pole" tu, na hapo ndipo nilipolia nikasingizia dawa.

Sasa kimefunga. Kovu nalikanda asubuhi na jioni kwa ncha ya kidole, duara ndogondogo, na ile jeli ya makovu, na nje sitoki bila kofia. Upande wa kulia ni uzi. Wa kushoto bado ni kamba ya kiatu. Mbele zimepukutika zote kama ulivyosema, kwamba huanguka kwanza ndipo ziote. Zitaota! Kichwa cha bahati hiki.

Mdogo wako

28 Agosti

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Mwezi ujao nastaafu, na wasichana wa chumba cha vidonda wananiandalia sherehe ya kuniaga. Nimewasomea barua yako ya kwanza, wamecheka mpaka wakashikana. Wanataka kumwona mtu wa bahati.

Njoo. Na uvue kofia mbele yao. Kidonda chako ndicho cha mwisho nilichokifunga mwanzo hadi mwisho, nataka wakione. Ila miezi minne hujaniandikia, nami ukimya wako naujua tangu lile goti.

Dada yako

14 Septemba

Shikamoo dada,

Wifi anakusalimu, safari hii hana mafua. Nitakuja, na kofia naiacha nyumbani.

Nywele zimeota kumi na saba. Wifi amezihesabu mara mbili, ya pili kwa huruma. Jana nilizinyoa zote, mbele na nyuma, kovu likatoka wazi. Mteja wa kwanza akalitazama kwenye kioo akauliza, "Nani aliyekufunga vizuri hivi?" Nikamwambia dada yangu. Akashusha kola, ana kovu la moto shingoni, nikamfundisha duara ndogondogo. Sasa mashine naiosha kila kichwa, na kabla ya spiriti nauliza: una kidonda? Fundi bomba ananiita daktari. Namwambia daktari ni dada, mimi ni kisogo tu.

Lakini wenzako waambie kabla sijafika, maana nikiona watu ninaweza kuanza upya kujisifu. Daktari hakushika kiuno. Alisema kaa nyumbani wiki mbili, usiguse, nami nikagusa. Ile barua ya kwanza niliiandika kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika taulo kisogoni, na taulo limelowa. Bahati sikuwa nayo. Nilikudanganya.

Mdogo wako