Mkanda wa Mama Niliouminya

Shubra, Kairo
Jumapili, 16 Oktoba 1994

Dada yangu mpenzi Insaf,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na watoto, na goti lako liwe limeacha kukutesa kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Sawsan anakusalimu sana na anasema bamia zako kavu zimetulisha wiki nzima. Mimi mwili ni mzima, ila moyo, dada, usiulize.

Barua iliyopita nilikueleza kwamba mkanda wa mama ulikatikia kwenye mashine. Ukanijibu kwa upole, eti ni kudra ya Mungu, kaseti niliyoitoa humo ipo. Upole wako ndio ulioniua. Leo nakueleza yote, na nakuomba usiwasomee watoto.

Mkanda ule uliutunza ndani ya shuka miaka ishirini na minane, tangu mama alipoimba harusini kwa kina Abu Zahra. Ulinikabidhi kwa mikono miwili. Nami nikaunakili kwenye kaseti, na humo nikauminya. Penye sauti ndogo nilipandisha, penye kubwa nikashusha, hadi mama akawa anaimba kwa nguvu moja mwanzo mwisho. Wateja wangu ni wenye teksi, wanataka kaseti inayoshinda honi. Lakini nilipopandisha, vikohozi vya wageni navyo vikapanda, kwa hiyo kila mama alipopumzika nikafuta vyote, pakabaki kimya kitupu. Halafu nikasogeza mistari ikaribiane.

Ijumaa moja baada ya swala nikawaalika wasikilizaji wa zamani studio, watu kumi na mmoja, chai ya nanaa ikazunguka. Niliwapigia mkanda wako kwanza, kisha kazi yangu, wachague. Tisa walichagua yangu. Hamdi dereva alisema ule wa kwanza mpaka azime gari ndipo amsikie bi mkubwa. Ustadh Rifaat, yule mzee aliyekuwa akimpigia mama kanuni, kile kinanda cha nyuzi, alinigeukia kwa hasira. Alisema, "Wewe Wagdi, umemkaba mama yako! Mimi nikitaka kumsifu kwa 'Allah!' nisemee wapi? Hakuachi hata upumue!" Wenzake wakamcheka, wakamwambia masikio yake yalibaki enzi za mfalme. Nami nikacheka nao. Aibu iliyoje! Maana mimi peke yangu nilijua kwamba nilipofika kwenye yangu niliongeza sauti ya spika, kidogo tu, na mtu yeyote ukimwongezea kidogo atasema hiyo ndiyo nzuri.

Mzee hakukubali. Aliomba aje tena ausikilize mkanda wako peke yake, sauti ya spika ikiwa pale pale ilipokuwa kwa kazi yangu. Nikaogopa, dada. Niliogopa atasema mtaa mzima kwamba nilidanganya. Jumamosi asubuhi nikauweka mkanda kwenye mashine nikaufuta wote. Haukukatika. Niliufuta kwa mkono wangu, kisha nikakuandikia uongo.

Juzi Ustadh akaja. Hakuja kugombana, alikuja kuniuliza kwa nini nimemtoa baba kwenye kaseti. Nikamwambia baba hakuwepo. Wewe mwenyewe ulinilea ukinieleza kwamba baba alimwambia mama akaimbe peke yake, yeye hatii mguu kwenye harusi anayoimba mkewe, na kwa hilo hujawahi kukanyaga kaburini kwake. Mzee akashangaa. Alisema baba alikuja, akajibanza nyuma ya nguzo ya hema, hatua mbili kutoka maikrofoni, akawaapisha wapigaji wote wasimwambie mama. Mstari wa pili ulipoisha, akashindwa kujizuia. Mzee alisema sauti yake imo mkandani na aliisikia ile Ijumaa.

Dada, hata mimi niliisikia, kabla ya wote. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni. Mwanamume anasema taratibu, kama anayelia, "Allah, Wahiba." Nikakasirika. Nikasema, nani huyu asiye na adabu, anamwita mama wa watu jina kavu mbele ya wageni? Nikamfuta wa kwanza, kabla ya vikohozi. Baba alikufa nikiwa na miaka mitano, sikuijua sauti yake. Wewe ungeijua.

Ustadh ana miaka themanini na mitatu, na bado anakumbuka baba alivyolitamka jina lile. Anakaa nyumbani kila siku baada ya alasiri. Njoo umsikie baba kwa mdomo wake. Mimi sistahili kuwa kati yenu, nitakufikisha mlangoni tu. Ukitaka kunizaba kofi kabla hujaketi, ni haki yako. Na ukitaka kwenda makaburini, nitakupeleka, nitakusubiri nje ya lango.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na goti ulifunge vizuri safarini.

Ni mimi nduguyo, nisiye na uso wa kukutazama,
Wagdi