Matanga ya Mtu Hai

Jumatatu, 1 Julai. Nizwa
Darasa tena. Kiyoyozi kibovu. Mwalimu Orla, mwenyewe wa huko, katufundisha njaa ya Ayalandi: viazi kuoza ardhini, watu kuhama kwa meli. Nimeandika sana, nimeelewa nusu. Baada ya wiki mbili tutakuwa huko wenyewe, wanafunzi wanane wa chuo, mwezi mzima, kusoma historia na utamaduni wao. Wenzangu wanazungumzia makoti. Mimi bado siamini kama jina langu limo.
Nimempigia Bibi simu, nyumbani Ibra. Kafurahi mno.

Jumatano, 3 Julai
Jambo geni leo. Zamani huko Ayalandi, kijana akitaka kuhamia Amerika, walimkalia matanga kabla hajaondoka. Mtu hai, kakaa pale pale! Majirani wanakuja, wanakula, wanacheza, mama analia kama yuko mbele ya maiti. Walijua hawatamwona tena. Nilicheka kidogo. Mwalimu hakucheka.
Kazi ya nyumbani: tuwaulize wazee wetu nani aliwahi kuhama, na aliagwa vipi. Rahisi. Bibi kazaliwa Unguja.

Ijumaa, 5 Julai. Ibra
Si rahisi.
Baada ya chakula cha mchana Bibi alikuwa anachambua rutab, tende mpya za msimu. Nikamhadithia habari ya matanga. Nikamuuliza yeye aliagwa vipi alipotoka Unguja. Mkono ukasita. Kisha akaendelea kuchambua. Nikauliza tena.
"Khalas, Nasra. Basi."
Akainuka, akaingia chumbani. Hakutoka mpaka alasiri.
Nimeudhika. Nimekosea nini? Mama hajui. Baba anasema Bibi hajapata kuzungumza habari hizo hata na yeye, mwanawe.

Jumamosi, 6 Julai
Bibi hataki niende. Kamwambia Baba mbele yangu, bila kunitazama. Na Baba, aliyejisifia safari yangu kwa ukoo mzima, kasema basi, hatumvunji moyo mzee. Pasipoti yangu kaifungia kabatini kwake.
Sielewi. Ni yule yule aliyefurahi Jumatatu. Mwezi mmoja tu! Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Nimemchukia Bibi. Halafu nimejichukia mwenyewe.

Jumatatu, 8 Julai
Sikurudi Nizwa. Nirudi kufanya nini.
Asubuhi Bibi kaniita nimsuke nywele. Nikakaa nyuma yake. Uso wake siuoni. Ndipo akasema. Naandika kama alivyosema.
Alikuwa mdogo, Unguja. Mji umechafuka kwa mapinduzi, baba yake kapata nafasi melini kuja Maskati. Mama yake ana mtoto mchanga mgonjwa, hawezi safari. Akamwambia, "Nenda na baba'ko. Siku chache tu, mambo yakitulia ntakufuateni." Wala hakumkumbatia. Alikuwa na mtoto begani. Akampungia mkono, mtoto akalia, akarudi ndani.
Mtoto akafa. Mama naye akafa huko huko, miaka mingi baadaye. Hawakuonana tena.
"Siku chache," Bibi kasema. "Na weye waniambia mwezi mmoja. Hao watu wa Ayalandi walikuwa na bahati. Walijua kama wanaagana."
Nikakosea msuko. Nikafumua, nikasuka tena.

Jumanne, 9 Julai
Nimeamua. Siendi. Nimemwambia Bibi, nikidhani atafurahi. Kakasirika!
"Nani kakwambia usiende?"
"Wewe, Bibi. Jumamosi."
"Jumamosi nilikuwa nna khofu."
"Na leo?"
"Leo pia."
Kisha kamwambia Baba atupeleke Nizwa kesho. Anataka kumwona huyo mwalimu kwa macho yake. Wallahi, nyumba hii itanitia wazimu.

Jumatano, 10 Julai. Nizwa
Bibi chuoni, na buibui jipya, na bakora yake. Mwalimu Orla kaleta chai. Mimi katikati, nafasiri. Bibi hakuuliza masomo, wala chakula, wala wapi nitalala.
"Mwambie, huyu mjukuu wangu nimemwazima tu. Sikumpa."
Nikafasiri. Mwalimu akaweka kikombe chini. Akasema shangazi wa bibi yake alikwenda Boston akiwa na umri kama wangu, hakurudi, na nyumbani kwao mama wa huyo shangazi hakuruhusu tena jina lake litajwe. Akaahidi kunirudisha yeye mwenyewe, mpaka mlangoni Ibra.
Bibi akamtazama sana. Akanywa chai yote.
Garini Baba kanirudishia pasipoti. Nimepata nilichokitaka. Nimeitia mkobani bila kuifungua.

Jumapili, 14 Julai
Naandika garini, njia ya uwanja wa ndege, Maskati. Baba anaendesha. Mama yuko mbele, analia polepole.
Bibi hakutoka mlangoni. Niliingia kwake, nikambusu mkono, nikambusu kichwa. Alikuwa anakunywa kahawa. Nilitaka kumuaga sawasawa, maneno nilishayapanga. Kanikatiza.
"Miye siagi. Nenda kama unakwenda sokoni."
Nikasimama. Sikujua nimkumbatie au niondoke. Nikaondoka. Nilipogeuka, alikuwa anajimiminia finjani nyingine.
Sijui kama ndivyo alivyotaka. Sijui kama nimefanya sawa.
Tumeshapita Bidbid, Maskati si mbali. Baba kafungua redio. Kaifunga.