Kwa Nini Mama Alihamia Chumba cha Pili

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, mgongo umetulia, na kile kikohozi cha vumbi la rangi kimekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku tunalala na kuamka salama. Mjukuu wako Kidogo ameota meno ya chini na sasa anauma kila kitu, hata mguu wa meza. Mume wangu anakuamkia. Bado anachomelea mageti. Mimi nipo palepale kwenye chumba cha kufulia nguo, upande wa pasi, na ninaandika juu ya meza ya kupigia pasi wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Usishangae karatasi ikijikunja, meza ina joto.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nyumba yetu ni ndogo, Baba, na ukipiga simu mama yupo hatua mbili tu kutoka nilipo. Tena kuna maneno ambayo mdomo wangu hauwezi kumtamkia baba yangu mzazi. Nimeona afadhali niyaandike, nikupe karatasi, kisha nitazame pembeni.

Juzi uliniambia kwamba kama mama amekuchoka aseme waziwazi, uache kupika chakula cha watu wawili na kula peke yako. Ulisema kwa ukali. Ulilalamika kwamba alianza kwa kuhamia chumba cha pili akidai unakoroma, kisha akawa anausukuma mkono wako ukimgusa begani, kisha akachukua likizo shuleni aje kunisaidia kulea, na likizo imekwisha hajarudi. Nilikujibu kwamba mambo ya wakubwa siyajui. Nayajua, Baba. Nisome polepole.

Unajua mama ni wa mkono wa kushoto. Alipofika hapa nilimwona anaanika nguo za mtoto kwa mkono wa kulia, kwa taabu, vibanio vinamdondoka. Naye Kidogo alimbeba upande mmoja tu. Nilipomuuliza alisema kwenye basi alilalia bega vibaya. Halafu siku nyingine, katika kucheka, akaniambia kwamba hata darasani alishaacha kuandika juu ya ubao. Aliwaambia watoto wa chekechea kwamba sehemu ya juu ni yao, akawa anawapandisha kwenye kiti mmoja mmoja waandike tarehe. Watoto walifurahi sana. Mimi sikucheka.

Nilikuja kuingia bafuni kumpelekea taulo, nikamkuta ameinua mkono anajipapasa kwapani. Niliona uvimbe, kama gololi iliyoingia chini ya ngozi. Aliushusha mkono haraka na kunifokea kwa nini sibishi hodi. Baadaye akaniambia ni mtoki tu, kwamba alichomwa kidole na pini akibandika michoro ya watoto ukutani, na kila mtu anajua kidonda cha mkononi huleta mtoki kwapani. Nikaomba nikione hicho kidole. Hakikuwa na hata alama.

Nilimbembeleza aende kwa daktari mpaka nikachoka. Alisema hawezi kumvulia blauzi daktari kijana, wa rika la watoto aliowafundisha kuhesabu. Nikamwambia yupo daktari mwanamke, na kusema kweli sikuwa na hakika. Kesho yake nilizunguka vituo vya afya mpaka nikampata. Ni mama mfupi, mwenye miwani, anayeongea haraka lakini mikono yake haina haraka. Alimlaza mama, akamwambia aweke mkono nyuma ya kichwa, akawa anabonyeza kwa ncha za vidole, duara dogodogo, kuanzia kwenye mfupa wa mtulinga mpaka kwenye mbavu, akaingia na kwapani. Alituambia mtoki wa kidonda kwa kawaida huuma, kisha hunywea kidonda kikipona. Huu ulikuwa mgumu, hauumi, na hausogei. Kisha vidole vyake vikasimama, samahani Baba kwa neno hili, kwenye titi la kushoto, juu, upande wa nje. Palikuwa na kitu kingine pale, kidogo kama punje ya haragwe. Mama hakuwahi kukihisi.

Mama akauliza kwa hasira titi na kwapa vinahusiana vipi. Daktari akachukua karatasi akachora. Alieleza kwamba titi haliishii pale linapoonekana kwenye nguo. Lina mkia unaopanda hadi kwapani. Ndani yake mna vifuko vya kutengenezea maziwa, na mifereji inayoyapeleka kwenye chuchu, na mafuta yamevizunguka. Huko kwapani kuna mitoki ambayo sote tunayo, midogo kiasi kwamba huwezi kuihisi ikiwa mizima, na majimaji yanayotoka mkononi na kwenye titi hupita humo yakachujwa kabla ya kurudi kwenye damu. Kwa hiyo kwapa linaweza kuvimba wakati shida iko kwenye titi. Mama aliutazama mchoro ule, akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba hilo ni birika, na wanafunzi wake wangelipaka rangi. Daktari alicheka sana. Nami nilicheka, kwa woga.

Alimtoa kipande cha nyama kwa sindano, kikapelekwa kupimwa. Siku za kungoja zilinimaliza. Mama alifagia uwanja mpaka nikahofia ataendelea na barabara. Mimi niliunguza shati la mteja, nikasimama naliangalia linavyotoa moshi, mwenzangu akaja kuniondolea pasi mkononi.

Sasa, Baba, sina tena pa kuzungukia. Majibu yalikuwa saratani. Mama amekatwa titi la kushoto, lote, pamoja na mitoki ya kwapani. Zile siku ulizopiga nikakwambia amekwenda sokoni, au amelala na mtoto, alikuwa wodini, ana mpira ubavuni unaochuruzisha maji kwenye chupa. Nilikudanganya kwa sababu aliniapisha. Alisema afadhali umdhanie mkorofi kuliko umtazame kwa huruma.

Hakukuchoka. Aliniambia mwenyewe nilipokuwa namwogesha, akiwa amenipa mgongo. Aliuhisi uvimbe ule kwanza akiwa kitandani kwenu, akaogopa mkono wako utaufikia kabla hajapata ujasiri wa kusema. Ndiyo maana akahama, na ndiyo maana alikuwa anakusukuma. Kukoroma kwako amekuzoea tangu sijazaliwa. Na sasa amepanga kukwambia kwamba atabaki huku moja kwa moja, ili uwe huru. Mimi nimeambiwa niitikie.

Kidonda kimekauka. Kila asubuhi anasimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kama alivyoelekezwa, huku akiusema ukuta maneno ambayo sikujua mwalimu wa chekechea anayajua. Lakini mitoki kadhaa ilikutwa na ugonjwa, na wiki ijayo anaanza dawa ya kupitia kwenye mshipa. Nywele zitanyonyoka. Daktari anasema matumaini yapo, makubwa. Nilipomtaka aniahidi, alinishika bega tu. Ninaogopa, Baba. Mama akikohoa chumbani, mimi nasimamisha kazi yangu nisikilize.

Nimevunja kiapo, na akinifukuza kwenye nyumba yangu mwenyewe nitastahili. Naomba uje Jumamosi, kwa basi la asubuhi. Usije na watu. Usimwambie pole mlangoni, na usimwangalie kifuani, wala usijilazimishe kutoangalia, maana atajua. Mgombeze kwa kukuacha na vyombo vichafu. Mengine atayasema mwenyewe, nami nitamtoa Kidogo nje.

Nitamwambia kwamba nakwenda kituoni kupokea mgeni. Asiponiuliza ni nani, nitajua anakungoja.

Wasalimie mafundi wenzako na jirani anayekuazima ngazi. Funga madirisha kabla hujaondoka. Kidogo anakushika miguu, na mimi nakubusu mikono.

Ni mimi mwanao,
Kifungua Mimba wako